Kamusi Niliyoikausha Darini

"Kigiriki si mbolea ya ruzuku kwamba kila mtu atapata mfuko wake."

Maneno hayo aliyasema Thadei, katekista mkuu wa parokia yetu, mbele ya baraza zima, siku nilipoomba niruhusiwe kujifunza Maandiko Matakatifu katika lugha yalimoandikwa. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, kofia magotini. Watu walicheka, na kusema kweli hata mimi nilicheka, maana lilikuwa neno lililotiwa chumvi vizuri. Mjomba wangu akaongeza kwamba kijana aliyeacha seminari ndogo akiwa kidato cha pili atakachoweza kusoma ni mizani ya tumbaku. Mwalimu mmoja wa kwetu Msamala alisema nitashika herufi tatu nne, kisha nitarudi kwenye jembe.

Vijana, nawaandikia nikiwa sebuleni kwangu Matogoro, katika nyumba ya matofali ya kuchoma niliyoijenga mwenyewe. Mbele yangu ukutani ipo diploma ya Maandiko Matakatifu kutoka Roma, ina mhuri mwekundu, na jina langu, Gebhard, limeandikwa kwa mkono na mtu mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Kioo cha fremu nimekibadilisha mara mbili. Sikupewa na baba. Baba alifariki nikiwa kijana mdogo, ndiyo maana niliacha seminari. Sikupewa na mjomba, mmeshamsikia. Nimefundisha makatekista mpaka ndevu zikawa nyeupe, nimeandika vitabu vinne vya kufafanua Injili, na mapadre wenye shahada kubwa kuliko yangu hunipigia simu Jumamosi mchana wakikwama na somo la kesho yake. Wengine hawasemi kwamba wamenipigia. Jumapili nakaa kanisani, nasikia maneno yangu yakishuka kutoka mimbarini, natulia tu.

Mnaotaka kuingia katika kazi hii mmeniuliza mtu anaanzia wapi. Ningeweza kuwajibu kwa orodha ya vitabu. Lakini naona ni heri niwaeleze habari ya kitabu kimoja, nilichoazimwa nikakiharibu, kwa sababu karibu kila ninachokijua katika kazi hii kimepita humo.

Kitabu chenyewe kilikuwa kamusi ya Kigiriki kwa Kilatini, mali ya Padri Otmari. Padri Otmari alikuwa Mmatengo mfupi, mkali kwa wavivu, aliyesoma Ulaya zamani na kurudi na masanduku mawili, moja la nguo na moja la vitabu. La nguo liliibwa bandarini na hakulitafuta. Kamusi ile ilikuwa nene kama tofali, na pembeni mwa kurasa, kwa wino mweusi na herufi ndogo kama punje za ulezi, alikuwa ameandika maelezo yake ya zaidi ya miaka thelathini. Aliandika kwa Kiswahili: mfano huu mkulima wa Mbinga angeuelewaje, neno hili mama anayepika togwa angeliitaje, hapa wataalamu wa Ulaya wamekosea kwa sababu hawajawahi kuchunga mbuzi. Hapakuwa na nakala nyingine ya maelezo yale popote duniani. Alikusudia akistaafu ayakusanye yawe kitabu.

Kwa nini alinipa mimi? Alinikuta makaburini. Nilikuwa na tabia, baada ya misa, ya kwenda kusoma Kilatini kilichochongwa kwenye makaburi ya wamisionari, maana hicho ndicho Kilatini pekee nilichokipata bure. Padri Otmari alisimama nyuma yangu akaniambia nitafsiri kwa sauti. Nikatafsiri. Akacheka, akasema nimetafsiri vizuri ila nimemfanya marehemu awe bado anaumwa. Tangu siku hiyo nikawa naenda kwake kila Alhamisi na daftari, na yeye anakuja mlangoni na fimbo, kwa sababu alisema Kigiriki bila fimbo hakikai kichwani. Hakuwahi kunipiga. Aliipiga meza.

Baadaye alihamishiwa parokia ya mbali, Unyasa, kwenye unyevu wa ziwa. Aliogopa vitabu vyake vitaota ukungu. Akaniachia kamusi.

"Ni ya kuazimwa, si ya kupewa," alisema. "Iepushe na maji, iepushe na mchwa. Nikirudi nitakuuliza ukurasa kwa ukurasa."

Nikaahidi. Nilikuwa mtu wa ahadi nyingi wakati ule.

Kabla sijaendelea, niwaambie namna tulivyofanya kazi, kwa sababu ninyi mnabonyeza simu na neno linatokea kabla hamjameza mate. Sisi tulikuwa na kadi. Wenzangu wa Ulaya walikuwa na kadi za dukani. Mimi nilizikata kutoka kwenye maboksi ya sabuni ya mche, upande mmoja neno, upande mwingine picha ya mama akifua. Kila neno la Kigiriki lilipata kadi yake: maana yake, mahali nilipolikuta, nani kalieleza vipi. Mwaka wa kwanza sikuwa naandika mahali. Nilikuwa na kadi imeandikwa "rejea alivyosema Padri". Wapi? Lini? Padri alisema mengi. Kadi za mwaka mzima nikaziwashia jiko. Tangu hapo, hata nikisikia neno kwa muuza nyanya, naandika: kwa muuza nyanya, sokoni, Jumanne. Chukueni hilo hata kama mtasahau mengine yote. Msomi wa Maandiko ni mtu anayeweza kuonyesha alikotoa.

Jambo la pili nililifundishwa Maposeni, nilipokuwa nimesharudi kutoka Roma na nimeshika diploma mkononi bado ina joto. Nilialikwa kufundisha wakulima kuhusu ule mfano wa magugu shambani, kwamba msiyang'oe, yaacheni yakue na ngano mpaka mavuno. Nikafundisha saa nzima. Nikawapa Kigiriki, nikawapa Kilatini, nikawaeleza mizizi ya magugu ya Palestina inavyosukana na mizizi ya ngano. Nilikuwa mzuri sana siku ile. Nilipouliza kama kuna swali, mama mmoja aitwaye Xaveria akainuka na khanga yake begani.

"Mwalimu, shikamoo yako tumeipokea," alisema, ingawa alikuwa mkubwa kwangu na mimi ndiye niliyekuwa nimesahau kumwamkia. "Shamba lako wewe liko wapi?"

Sikuwa na shamba. Nikasema ukweli. Watu wakaguna kwa huruma, kama nimesema sina mama. Ndipo akanieleza habari ya kiduha, lile gugu dogo lenye vimaua vyekundu linaloshika mizizi ya mahindi. Alisema unapoona maua yake juu, chini limeshakula siku nyingi, na ukiling'oa unajifurahisha tu. Hivyo kwake yeye mfano ule haukuwa habari ya uvumilivu, bali habari ya mwenye shamba aliyechelewa kujua na bado hakulitelekeza shamba. Maelezo hayo hamtayakuta katika kitabu chochote cha Ulaya. Yako katika kitabu changu cha pili, na jina la Mama Xaveria nimeliandika chini. Mwaka uliofuata nilinunua ekari mbili.

Sasa kamusi.

Nyumba ya mama, Msamala, ilikuwa ya sakafu ya udongo. Mchwa walikuwa wameshakula katekisimu yangu na nusu ya cheti changu cha ubatizo. Nilipoachiwa kamusi ya Padri sikuwa na kabati wala sanduku la chuma, na masika yalikuwa yanaingia. Usiku na mchana nilifikiria maji na mchwa, maji na mchwa. Kisha nikatazama juu, jikoni.

Mnajua dari ya jiko la zamani, ile ya fito juu ya mafiga, ambapo mahindi ya mbegu huning'inizwa moshi uyapitie. Maji hayafiki pale. Mchwa hawapandi. Fukusi hawasogei. Nikamwuliza mama kama naweza kuiweka kamusi huko. Mama alisema mbegu aliyoiacha marehemu baba imekaa pale misimu na misimu haijaguswa na mdudu, sembuse karatasi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwa kitambaa safi, akaiweka katikati ya mahindi yake mazuri kabisa. Akashuka kutoka kwenye kigoda, tumeridhika wote wawili. Mtu aliyezaliwa mjini asingeweza kufanya kosa lile. Lilihitaji mtu anayejua kuhifadhi mahindi.

Nikaondoka kwenda kufundisha mafundisho ya kipaimara vijijini. Niliporudi wiki tano zilikuwa zimepita. Niliishusha kamusi ikiwa imepungua ukubwa. Gundi ya mgongoni ilikuwa imeyeyuka na kushuka kati ya kurasa, kisha ikakauka. Masizi yale mazito, yanayodondoka kama lami jiko likipata unyevu, yalikuwa yamepenya kitambaani. Ilinuka kama samaki wa kukaushwa. Mama alitazama muda mrefu, kisha akasema kwamba walau haijaliwa.

Nilijaribu kuifungua. Ukurasa wa kwanza niliovuta ulikatika vipande vitatu, na juu ya kipande kimoja palikuwa na mwandiko wa Padri, nusu sentensi. Nikaacha hapo hapo. Kamusi yenyewe, ya kuchapwa, iliweza kupatikana tena kwa mtu mwenye uwezo. Lakini ile miaka thelathini ya pembeni ilikuwa imegandana mikononi mwangu kama mkate mweusi, na mwenyewe alikuwa Unyasa akiamini iko salama.

Namtumbo alikuwapo mzee mmoja Mwislamu, mkulima wa tumbaku na mwalimu wa madrasa, aitwaye Mwalimu Rajabu. Nilifahamiana naye kwa kuwa mjomba alitabiri kweli: misimu miwili nilikuwa kibarua wa tumbaku, nikichochea moto katika bani lake, lile banda la kukaushia majani kwa moshi. Tulikubaliana kwamba mbali na ujira wangu anifundishe Kiarabu, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Alinifundisha huku tunachambua majani, na niliposhika herufi za Kiebrania baadaye, niliziona kama jamaa wa mtu ninayemjua. Huyo ndiye niliyemfikiria. Sikujua atanisaidia nini. Nilimfuata kwa sababu alijua moshi.

Aliipokea kamusi, hakuitazama. Aliinusa.

"Hii imekaa bani gani?"

"Jikoni kwa mama, Mwalimu."

"Siku ngapi?"

"Wiki tano."

"Subhanallah. Tumbaku yangu mwenyewe siipi wiki tano." Akaigeuza, akaona ukurasa uliokatika. "Na hapa ukaivuta."

"Kidogo."

"Ungekuwa kibarua wangu leo ningekukata posho. Jani likitoka motoni unalivuta? Nilikufundisha hivyo?"

Hakuwa amenifundisha hivyo. Jani la tumbaku lililokaushwa kwa moto ukiligusa linavunjika kama biskuti. Kwa hiyo mkulima halishushi. Anazima moto, anamwaga maji sakafuni mwa bani, anatundika magunia mabichi, na alfajiri anafungua mlango umande uingie. Jani linavuta unyevu kidogo kidogo mpaka linakuwa laini kama kitambaa, ndipo linashuka bila kupasuka. Maji mengi yanaliozesha, machache hayasaidii. Ujuzi wote uko katika kujua ni wakati gani wa kulishika, na Mwalimu Rajabu alijua kwa kulisikiliza likisuguliwa sikioni.

Basi kamusi ya Kigiriki ya Padri Otmari ikatundikwa katika bani la Namtumbo, mgongo juu, kurasa chini, katikati ya majani ya tumbaku. Kila alfajiri baada ya swala Mwalimu aliingia, akasugua kona ya ukurasa karibu na sikio, akasema bado, au akasema njoo. Akisema njoo tulikuwa na muda mfupi. Yeye aliingiza kijiti cha mwanzi alichokichonga chembamba kama unyoya, akatenga ukurasa na ukurasa. Mimi nikanakili maelezo ya pembeni kwenye kadi za boksi la sabuni kabla jua halijapanda na karatasi kukakamaa tena. Siku nzuri tulipata kurasa kumi. Siku mbaya mbili, na zikiwa na matundu.

Alitaka nimsomee kila ninachonakili. Aliposikia lile la wataalamu wasiochunga mbuzi alicheka mpaka akaweka kijiti chini, akasema padri huyo ni mwalimu wa kweli, angependa kumwona. Tulifanya hivyo mpaka msimu ukaisha na tumbaku yake yote ikawa imeshauzwa, bani limebaki na kitabu kimoja tu. Tulipofika mwisho, maelezo kama arobaini hivi yalikuwa yamepotea kabisa chini ya masizi. Kadi zake niliziandika neno tu, mahali pa maelezo nikapaacha wazi.

"Sasa mwandikie mwenyewe umwambie," Mwalimu Rajabu alisema.

Nikasema nitaandika.

Sikuandika. Vijana, nimejisifu tangu nilipoanza na nitajisifu tena kabla sijamaliza, kwa hiyo pokeeni na hili. Nilianza barua nyingi na zote zilikuwa na mwanzo mzuri. Nilijiambia kwamba nikimweleza atasikitika bure, bora nisubiri mpaka nipate kamusi nyingine nimrudishie kamili. Kisha ikatokea nafasi ya ufadhili wa masomo Roma kwa walei, na sharti lilikuwa barua ya padri anayemfahamu mwombaji. Nani mwingine ningemwomba? Nikamwomba, kamusi sikuitaja. Barua yake ilifika kutoka Unyasa baada ya wiki tatu. Niliifungua nimesimama posta. Ilikuwa na sifa nyingi, na mwishoni alikuwa ameandika: "Zaidi ya yote ni mtu anayejua kutunza kitabu."

Niliirudisha ndani ya bahasha, nikailamba gundi, nikaituma.

Safari niliifanya kwa vitu vya kuazima. Mwalimu Rajabu aliniazima sanduku lake la bati alilokuwa akiwekea kanzu. Thadei, yule wa mbolea ya ruzuku, aliniazima koti zito la sufu, na mbele ya watu alisema ananiazima kwa miezi mitatu maana zaidi ya hapo sitakaa. Kamusi iliyoharibika niliifunga kwenye gunia nikamwachia mama, safari hii juu ya kabati la jirani mwenye sakafu ya saruji. Kadi nilikwenda nazo.

Roma sitawachosha nayo. Nilikaa miaka mitatu. Nilikuwa mkubwa kuliko wote darasani, na katika mtihani wa mwisho wa Kigiriki waliokuwa mbele yangu walikuwa wawili tu, na mmoja wao alikuwa Mgiriki. Mchana nilisoma, jioni niliosha vyombo katika hosteli ya masista, na mwaka wa pili nikaipata kamusi ile ile, toleo lile lile, kwa muuza vitabu vikuukuu. Kila Jumamosi nikakaa na kadi zangu, nikahamisha maelezo ya Padri pembeni mwa kurasa, kwa wino mweusi, herufi ndogo. Nilipofika katikati mwandiko wangu ulikuwa umeanza kufanana na wake.

Hapo ndipo nilipojaribiwa. Yale arobaini yaliyo wazi, sasa nilikuwa na elimu ya kuyajaza. Nilimjua Padri anavyofikiri. Nani angejua? Nikafika kwenye neno moja, nikaandika maneno mawili katika nafasi iliyo wazi, kwa wino wake, kwa mwandiko wake. Nikayatazama. Yalikuwa maneno makali, yenye akili nyingi, ya mtu anayetaka asifiwe. Padri Otmari hakuwahi kuandika hivyo. Nikachukua wembe nikayakwangua taratibu, na karatasi pale ikabaki nyembamba. Mengine yote nikayaacha wazi.

Wenzangu wengi waliomaliza nami walitafuta njia ya kubaki Ulaya. Mimi nilirudi Songea. Niliteremka na sanduku la bati, diploma kwenye mrija wa karatasi ngumu, na koti la Thadei mwilini ingawa jua lilikuwa kali, kwa sababu nilitaka anione nalo. Siku ya tatu nikaamka mapema, nikavaa shati jeupe, nikatoka kwenda kurudisha vitu vya watu.

Nilianza kwa Thadei. Alilipokea koti, akaingiza mikono mifukoni, akachunguza makwapa.

"Hili limepasuka."

"Limefanya kazi, Mzee. Nitakushonea."

"Acha." Akalikunja, akalikalia. Akaniuliza Roma kuna makanisa mangapi, nikamwambia hayahesabiki. Akaniuliza kama mkate wao unashibisha. Nilipokuwa nimeshafika barazani akaniita, akauliza kwa sauti ya chini, mkewe asisikie, kama Kigiriki nafundisha na watu wazima. Alikuwa mwanafunzi wangu kwa miaka minne. Alishika herufi zote na alikuwa mbishi wa kupendeza.

Mwalimu Rajabu nilimkuta Msamala kwa binti yake, amekuja hospitali kwa ajili ya macho. Nilimpa sanduku lake na ndani yake kanzu mpya. Alimshukuru Mungu kwamba nimerudi mzima, akagonga bati kuona kama halijatoboka, kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Ulimwandikia?"

"Sikumwandikia, Mwalimu. Naenda kwake sasa hivi."

"Basi nenda. Chai utakunywa ukirudi."

Padri Otmari alikuwa ameshastaafu. Aliishi katika nyumba ya mapadre wazee, kupita Maposeni, chumba chenye dirisha linalotazama mahindi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaitambua sauti yangu, akafurahi sana, na furaha ile ndiyo iliyonitia uzito kuliko kama angenikaripia. Niliweka kamusi magotini pake. Alipitisha mkono juu ya jalada, akarudisha, akapitisha tena.

"Hii ngozi si ya kwangu."

Nikamwambia yote. Dari, masizi, bani la Namtumbo, kijiti cha mwanzi, barua yake niliyoituma nikijua si kweli. Nikatoa na ile iliyoharibika kwenye gunia nikaiweka mezani. Aliivuta karibu akainusa, akapiga chafya mara tatu.

"Wiki tano," alisema.

"Wiki tano, Padri."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Alitaka kusaidia." Nje mtu alikuwa anapalilia, tulisikia jembe likigonga mawe. "Ulipaswa kuniandikia, Gebhard. Ningekuandikia barua nyingine."

"Ingesemaje?"

"Ingekuwa fupi."

Alinisukumia kamusi mpya akaniambia nisome, nianzie mwanzo, maelezo ya pembeni tu. Nikasoma. Mara nyingine alitikisa kichwa, mara nyingine alicheka na utani wake mwenyewe wa zamani kama ameusikia kwa mtu mwingine. Kisha nikafika penye nafasi ya kwanza iliyo wazi, nikasimama.

"Mbona umenyamaza?"

"Hapa masizi yalifunika. Nimeacha wazi."

"Ulishindwa kukisia? Mtu mwenye diploma?"

"Niliweza, Padri. Kuna mahali nilianza kuandika kama ni wewe. Nikakwangua."

"Nionyeshe."

Nilifungua ukurasa ule, nikauweka mkono wake pale. Alipitisha kidole gumba juu ya karatasi, akapaona penye wembamba, akakiacha kidole hapo muda mrefu. Halafu akaegemea kiti, akafumba macho, akaniambia nisome neno lililoko pembeni ya nafasi ile. Nikasoma. Akakumbuka. Akanitajia maelezo yake neno kwa neno, mimi nikaandika. Tukaendelea hivyo nafasi baada ya nafasi. Mengine yalikuja upesi, mengine ilibidi kwanza akumbuke alikuwa parokia gani alipoyaandika, na mchana ulikuwa unaelekea kwisha tulipofika kwenye neno ambalo alilirudia mdomoni mara nyingi, kisha akatikisa kichwa.

"Hili limekwenda. Silikumbuki." Akanigeukia. "Wewe unasemaje?"

Nikamwambia ninavyoona. Nilisema kwa ufupi kuliko nilivyowahi kusema jambo lolote tangu nirudi. Alifikiri.

"Si baya. Liandike."

Nikainama niandike. Akasikia kalamu ikigusa karatasi, akaweka mkono juu ya ukurasa.

"Unaandika kwa wino gani?"

"Mweusi. Kama wako."

"Hapana. Yako andika kwa bluu. Atakayekisoma akikuta kosa ajue ni nani wa kumfuata."

Sikuwa na kalamu ya bluu. Nilitoka, nikatembea hadi duka la njia panda, jua likiwa bado juu ya mahindi, nikanunua mbili. Katika wilaya nzima ya Songea hapakuwa na mtu aliyekuwa akinidai.